Kijapani ni mtaji, lakini saa 28 hazilipi mkopo

Gari lililotumika linaloshushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha likavushwa Malaba au Tunduma, mara nyingi limepitia mnadani Japani. Karatasi ya mnada inayotaja kasoro zake huandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi wa Afrika Mashariki husoma tafsiri, na mara nyingi anayempa tafsiri hiyo ni muuzaji yuleyule. Kwa hiyo familia inayompeleka kijana wake Japani kusomea lugha haikosei. Inayokosea ni ile inayompeleka bila kupiga hesabu.

Maisha ya mwanafunzi huko hayana nafasi ya kubahatisha. Ndani ya siku 14 tangu apate makazi, lazima aandikishe anwani yake ofisi ya manispaa. Hujiunga pia na bima ya afya ya taifa, ambayo kwa kawaida hulipa asilimia 70 ya matibabu, naye hulipa iliyobaki. Darasani anakutana na hiragana, katakana, halafu kanji, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Hata takataka hutenganishwa kwa aina, na kila aina ina siku yake ya kutolewa.

Wazazi wengi hutegemea kibarua kirudishe gharama. Hapo ndipo hesabu inapokwama. Mwenye viza ya masomo huruhusiwa kufanya kazi saa 28 kwa wiki, tena kwa kibali. Akizidisha, anaweza kunyimwa nyongeza ya viza na kurudishwa nyumbani. Kuosha vyombo mgahawani hakutakomboa shamba lililowekwa rehani.

Njia salama ni kuanzia nyumbani. Mtihani wa kimataifa wa Kijapani una ngazi tano, kutoka N5 hadi N1, na hufanyika pia Nairobi. Kijana apande ndege akiwa na ngazi ya kwanza au ya pili mkononi. Aulize kwanza mpango wa kubadilishana wanafunzi, ambao mara nyingi humwezesha kulipa ada ya chuo chake cha nyumbani tu, na ufadhili wa serikali ya Japani kupitia ubalozi.

Vyama vya wafanyabiashara mipakani vinavyochangishana kwa mazishi na harusi vinaweza pia kumsomesha kijana mmoja, ili siku moja awasomee karatasi ya mnada kabla fedha hazijatumwa.