Shujaa wa Buha ni Nani?

Mtoto wa shule ya msingi Muyama, Kasulu au Kibondo akiambiwa ataje mashujaa wa nchi yake, atataja Mkwawa wa Kalenga, Kinjikitile wa Ngarambe na Abushiri wa Pangani. Amefundishwa hivyo na hajakosea. Kinjikitile na Abushiri walinyongwa na Wajerumani, na Mkwawa mwaka 1898 aliona afadhali ajiue kuliko kutiwa mikononi mwao. Lakini orodha hiyo ikiachwa peke yake inampotosha mtoto wa nyanda za juu za Kigoma. Inamfanya aamini kwamba ushujaa ni wa vitani tu, na kwamba kwao mashujaa hawakupata kutokea kwa kuwa vitabu havitaji vita vya Waha. Mimi nashika kinyume chake. Ushujaa mkubwa uliopata kuonekana Buha, yaani nchi ya Waha, ulifanywa na wakulima wa maharage na mihogo, wake kwa waume, wasio na silaha, ambao walikuwa wameshikwa na hofu kama binadamu yeyote. Huo ndio ushujaa tunaopaswa kuwarithisha watoto, maana ndio utakaotakiwa kwao.

Tuanze na mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mauaji makubwa yalianza Burundi, na maelfu ya watu wakavuka mpaka kwa miguu, wengine kwenye vilima vya upande wa Manyovu, wengine kwa kuvuka mto Malagarasi. Aliyebisha hodi usiku hakuwa na barua ya utambulisho. Mwenye nyumba hakujua kama anayebisha ni mtu aliyekimbia kifo au ni yule anayemkimbiza. Na hatari haikuwa ya kufikirika: mwaka uliofuata, 1973, ndege za jeshi la Burundi ziliangusha mabomu kwenye vijiji vya mpakani upande wetu. Basi mwanakijiji aliyempokea mgeni baada ya hapo alijua vizuri kwamba nyumba yake inaweza kulipiziwa kisasi. Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi Tanzania ilivyowapokea wakimbizi, naye aliistahili. Hata hivyo, kabla ya amri yoyote kutoka Dar es Salaam kufika, kulikuwa na mtu aliyeondoa komeo la mlango.

Kuna jambo jingine ambalo wasioijua kalenda ya mkulima hawalioni. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Bujumbura tarehe 21 Oktoba 1993, na watu wakamiminika tena Kibondo na Kasulu. Oktoba katika vilima hivi ni mwezi wa kungoja mvua na kupanda. Chakula cha msimu uliopita kimepungua, na kinachobaki ndani, kwenye debe au gunia lililofungwa na kuwekwa mbali na panya, ni maharage ya mbegu. Kila mama wa Kiha anajua kuwa hayo hayaguswi, kwa sababu anayepika mbegu Oktoba anakula mavuno ya Januari. Sasa mtazame mama huyo, watoto wa watu wamekaa uani hawajala, na debe liko ndani. Akichota bakuli moja amepunguza mstari mzima wa shamba lake. Akichota la pili, njaa ya mwakani ameshaiita kwa jina. Hakuna tarumbeta inayopigwa, hakuna anayemtazama ila wale wenye njaa, na wao hawana cha kumlipa. Nikiambiwa nichague kati ya moyo huo na moyo wa askari anayekimbilia adui pamoja na wenzake mia, sitasita kusema upi ni mzito zaidi.

Wapo watakaosema hayo yalikuwa mepesi, kwa kuwa Waha na Warundi ni ndugu, na Kiha na Kirundi husikilizana bila mkalimani. Hoja hii ina uzito, lakini haifiki mbali. Huko Burundi aliyeua na aliyeuawa walizungumza Kirundi kilekile, wakaota moto mmoja na kuoleana, na hayo yote hayakuuzuia mkono wenye panga. Lugha moja haimpi mtu moyo wa huruma. Moyo huo ni wa kuamua. Isitoshe, kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996 ilikuwa kwa ajili ya Wakongo kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, watu ambao si Waha wala Warundi.

Wengine watanikumbusha methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wataongeza kwamba kilio kilikuja kweli. Misitu iliyozunguka kambi ilikatwa kuni, bunduki za vita zikapenya vijijini, na ukafika wakati basi la Kibondo kwenda Kasulu halikusafiri bila askari polisi ndani yake. Sikatai hata moja. Lakini methali ile inahesabu kilio cha nyumba moja tu. Mpakani kilio kilikuwa kimeshafika kizingitini, na aliyefunga mlango hakukizuia, alikisukuma kwa jirani. Tena ujambazi wa barabarani ulimpora mkimbizi na mwenyeji bila kubagua, na waliokata tamaa ya kurudi kwao hawakupanga wao kambi zidumu miaka mingi hivyo. Kumlaumu aliyefungua mlango usiku ule kwa makosa ya miaka 20 iliyofuata ni kutomtendea haki. Wala sisemi kwamba ushujaa ni kuacha akili pembeni. Desturi ya kumpeleka mgeni kwa balozi wa nyumba kumi kulipokucha ilikuwa na maana yake, na anayeifuata hapungukiwi na ujasiri.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja baadaye, nao ndio ninaotaka wasomaji wangu, hasa vijana, waufikirie sana. Mwaka 1997 Warundi waliokuwa wakiishi vijijini walikusanywa na kupelekwa kambini, na miongoni mwao walikuwemo waliokaa hapa miaka mingi, wenye mashamba, wake na waume wa Kiha. Tangu hapo neno "si raia" limekuwa kama panga mfukoni mwa mtu. Ugomvi wa mpaka wa shamba unapomshinda, analichomoa. Deni likimwelemea, analichomoa. Kila aliyezaliwa Kigoma anajua neno hilo linavyouma, kwa maana hata Mha halisi huulizwa maswali ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Hapo kukaa kimya ni rahisi, na ukimya wenyewe unaweza kuitwa busara. Lakini wewe unayejua baba wa anayeitwa hivyo alizikwa wapi, unayejua shamba lile alilifyeka nani, ukinyamaza umelitia panga makali.

Nitaambiwa uraia ni kazi ya Idara ya Uhamiaji, si ya wanakijiji. Ndiyo, uamuzi ni wao. Ushahidi je? Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inakipa kila kijiji mkutano mkuu, na mkazi yeyote mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake. Kusema kweli mbele ya mkutano huo si kuvunja sheria, ni kuitumikia. Na kama kweli yenyewe ni kwamba jirani yako alivuka mto mwaka 1993 akiwa mgongoni mwa mama yake, iseme hivyohivyo, kisha useme pia amelima nini na amemzika nani tangu siku hiyo. Mkutano ujao ukiitishwa, na jina la mtu asiye na mtetezi likatajwa, nyoosha mkono, simama, utaje jina lako kamili, na umtake mtendaji wa kijiji aandike maneno yako kwenye muhtasari.