Asiyesema upesi si mjinga

Kila Januari darasa la kwanza hufurika, na hawakosekani wawili watatu ambao mwalimu atakuwa ameshawaita "wazito" kabla ya Pasaka. Ukiwachunguza, baadhi yao si wazito hata kidogo. Mmoja ana kigugumizi, mwingine kuna sauti ambazo ulimi wake haujazimudu. Akili wanayo. Tatizo ni kwamba sisi walimu tunampima mtoto kwa mdomo wake.

Nafundisha darasa la kwanza huku Tengeru, chini ya Mlima Meru. Tangu mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, uanze mwaka 2015, kusoma kwa sauti ndiko tunakokutazama zaidi. Mtoto anasimama, mwalimu anaangalia saa. Mwenye kigugumizi anakwama kwenye silabi ya kwanza, muda unakwisha, anaandikiwa kwamba hajui kusoma. Mpe kadi za maneno na picha azioanishe kimya kimya, utashangaa.

Nilikuwa na mvulana ambaye kuitika "nipo" wakati wa mahudhurio kulimtoa jasho, na wenzake walicheka. Lakini mstarini asubuhi aliimba wimbo wa taifa mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Wala hakuwa akiigiza: wengi wenye kigugumizi hawakwami wakiimba, au wakisoma pamoja na mwenzao. Basi nikamruhusu anyooshe mkono badala ya kuitika, na kusoma akasoma sambamba na jirani yake wa dawati. Kidogo kidogo jirani akawa anapunguza sauti. Halmashauri haikutoa hata shilingi.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuangalia. Watoto wengi wanakuja shule na Kimeru au Kimaasai cha nyumbani, na Kiswahili wanakifahamu nusunusu. Anayechanganya "r" na "l" huenda anazungumza lugha ya mama yake vizuri kabisa. Huyo anahitaji mazoezi ya Kiswahili tu. Kwa hiyo muulize mzazi: "Mama, nyumbani anaongeaje?" Akikwambia hata huko haeleweki, hapo kuna shida ya usemi. Na kabla ya yote, masikio yake yapimwe hospitali. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutamka vizuri, na sikio linalotoa usaha si la kusubiri lipone lenyewe. Nawasihi wazazi wasikimbilie kwa mganga kukatisha udata au kimeo. Kigugumizi hakitibiwi kwa wembe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma shuleni pamoja na wenzake. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini, sikatai. Ila sisi wa Arusha hatuna kisingizio. Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kwa nchi nzima, kiko hapa hapa Tengeru. Walimu wanatoka mikoa ya mbali kuja kusoma Patandi, wakati wapo wa jirani wanaopita na daladala kila siku bila kuwahi kuingia getini.

Utaratibu wa kuwafikia tunao tayari. Kupitia MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakutana shuleni kwetu kujadili ufundishaji. Naomba wakurugenzi wa Jiji la Arusha na wa halmashauri za wilaya za Arusha na Meru wawaalike wakufunzi wa Patandi kwenye vikao hivyo, wakianza na sisi wa darasa la kwanza na la pili.

Wakati tukisubiri, mwalimu mwenzangu, usimmalizie mtoto sentensi, usimwambie "harakisha", na atakayemcheka mwenzake akemewe papo hapo. Mwache amalize ndipo umpe alama.