Taka Jichoni: Maji Kwanza

Tunaomba nafasi katika jarida letu tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni taka inayoingia jichoni.

Kila siku kabla ya darasa wanafunzi wetu hufagia uwanja kwa fagio la chelewa. Upepo wa kusi ukivuma mchanga huruka, na haipiti wiki bila mtoto mmoja kusimama kando akifikicha jicho. Wenzake humzunguka. Mmoja humpulizia, wa pili hukunja ncha ya ushungi na kumchokoa, wa tatu humwambia afikiche zaidi ili machozi yatoke. Nyumbani wapo wanaolilamba jicho kwa ulimi, na wapo wanaotia maziwa ya mama. Wote hao nia yao ni njema. Lakini sisi tunaona mambo hayo yaachwe, yote, pasi na kubakisha hata moja.

Kioo cha mbele ya jicho, ambacho madaktari hukiita konea, unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Ukifikicha na mchanga umo ndani, unakikwaruza. Mkwaruzo mdogo ulio safi aghalabu hupona kwa siku moja hadi tatu. Ukiingiwa na uchafu wa kidole, mate au ncha ya kanga, huweza kugeuka kidonda, na kidonda cha konea kikipona huweza kuacha kovu jeupe. Kovu likikaa mbele ya mboni, mtoto haoni sawasawa maisha yake yote, na matone ya dukani hayalifuti. Mate yana vijidudu hata kama mwenye kinywa amepiga mswaki. Na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, ni chakula cha mtoto. Si dawa ya jicho lililojeruhiwa.

Basi afanyeje? Anawe mikono kwa sabuni, kisha apepese macho mara nyingi bila kufikicha. Mara nyingi machozi yenyewe huisukuma taka hadi pembeni. Isipotoka, ainamishe kichwa upande wa jicho hilo ili maji machafu yasiingie la pili, mwenzake ammiminie maji safi polepole kutoka upande wa pua kwenda nje. Maji ya kunywa yanafaa. Si yale ya ndoo iliyochovywa mikono ya darasa zima. Akihisi kukwaruzwa kila anapopepesa, huenda taka imejificha chini ya kope la juu. Ashike nywele za kope hilo, alivute mbele kidogo na kulishusha juu ya kope la chini, kisha aliachie. Nywele za chini huweza kuifagia.

Mwezi wa Ramadhani watoto wengine hukataa maji wakihofia saumu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu huku pwani, jicho halihesabiwi kuwa tundu la wazi liendalo ndani ya mwili, ndiyo maana wanja haubatilishi saumu. Aoshe jicho lake.

Chokaa ni habari nyingine, hasa nyakati za kupaka kuta kabla ya Idi. Ikiingia jichoni, oshwa hapo hapo kwa maji mengi bila kukoma, dakika zisizopungua 20, ndipo uende hospitali. Anayekimbilia hospitali kwanza huiacha chokaa ikilila jicho njia nzima. Kinyume chake, kipande cha chuma au mwiba uliochoma jicho usichomolewe wala kukandamizwa. Lifunikwe kwa kikombe safi kisichogusa jicho, mtoto apelekwe mara moja. Na jicho linaloendelea kuuma hadi kesho yake, au lililopigwa na jani la muhindi likaanza kuonyesha doa jeupe, ni la daktari. Tusiazime matone ya jirani. Baadhi yana steroidi, ambazo kwenye kidonda cha fangasi huzidisha balaa.

Wapo walimu wenzetu wanaosema kwamba mtoto akiruhusiwa kutoka kila anaposhika jicho, darasa litageuka soko. Watundu wapo, hatukatai. Lakini mtundu akitoka amekosa aya mbili, kesho atazirudia. Mwenye mchanga jichoni akilazimishwa kukaa hadi dua ya kufungia, atafikicha saa nzima, na hakuna wa kumrudishia jicho. Kwa hiyo tunapendekeza mtoto mwenye taka jichoni anyanyue mkono tu na kutoka, asingoje kuruhusiwa. Uwanja unyunyizwe maji kabla ya kufagiwa. Na liwepo birika lenye maji safi, pamoja na sabuni, lisilotumika kwa kazi nyingine. Mzazi mwenye birika la ziada nyumbani amkabidhi mwalimu wa zamu.