Kunong'ona si Minong'ono

Kuna wazee wetu, na hata walimu wenzetu, wanaosema kwamba minong'ono ni desturi yetu, tena tusiiguse. Sisi tunakataa. Wanachanganya maneno mawili, na mchanganyiko huo unaumiza watu.

Tuanze na neno lenyewe. Kunong'ona ni kusema kwa sauti ya chini, karibu na sikio. Aliye mbali anasikia sauti bila kushika maneno. Si sawa na kunung'unika. Anayenung'unika analalamika, kama Waisraeli jangwani mbele ya Musa. Mwenye kunong'ona halalamiki. Katika matanga tunanong'ona juu ya kuheshimu wenye kilio. Kando ya mgonjwa ni vilevile. Siku ya kuzungumza mahari, watu wa ukoo wanatoka inje kidogo, wanakaribiana vichwa, wananong'onezana, kiisha wanarudi na neno moja. Hiyo ni adabu, tena ni akili. Hapo wazee walitufundisha vizuri.

Lakini tuangalie: katika mambo hayo yote, anayenong'ona anajulikana. Ni shangazi, ni baba mdogo, ukimuuliza, atajibu. Kitenzi kina mwenyewe: mimi ninanong'ona, wewe unaninong'oneza. Minong'ono, hiyo haina mwenyewe. Uliza: "Nani alisema?" Watakujibu: "Banasema." Huyu Banasema ni nani? Hana jina, hana nyumba, hawezi kuitwa mbele ya baraza.

Wengine watatujibu kwamba wakati wa Mobutu, chini ya chama kimoja mpaka 1990, minong'ono ndiyo iliwapa watu habari, ile radio trottoir. Ni kweli. Redio ya serikali ilikuwa inamsifu mkubwa tu, na mwenye kusema wazi aliogopa kukamatwa. Wazazi wetu walisema chini juu ya woga. Lakini jambo lililoletwa na woga tusiliite desturi ya mababu.

Na leo Banasema anafanya kazi gani? Anazunguka mu kata zetu, anaonyesha kidole mama mzee mwenye macho mekundu, anaonyesha mtoto yatima: "Ni mchawi." Hakuna aliyeona kitu, hakuna aliyesema, lakini mtoto anafukuzwa nyumbani, analala sokoni. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inaweka adhabu. Lakini polisi atamkamata nani? Sheria inatafuta mtu, na minong'ono inamficha mtu. Kiisha wanatuambia tuheshimu desturi!

Basi tuwafundishe watoto, nyumbani na masomoni, tofauti hii. Nong'ona mbele ya maiti, nong'ona kando ya mgonjwa, nong'ona katika shauri la ukoo. Lakini neno linalogusa sifa ya mwenzako, liseme mbele yake, kwa sauti, na jina lako likiwa juu yake. Na sisi watu wazima tuanze: jirani akituletea "banasema", tumuulize mara moja, "Banani?" Akikosa kutaja jina, neno hilo lifie mlangoni, lisiingie nyumbani mwetu.