Kwanza Hati, Halafu Ndiyo Mje na Tokeni



Siku hizi ukifungua simu hukosi mtu wa kukuambia kwamba ardhi, nyumba, dhahabu, hata hewa, vyote vinaweza kukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaitwa tokeni, kikauzwa kwenye blokicheni kwa pesa ya chai. Ati maskini naye sasa atakuwa mwekezaji. Na wanaotulenga sisi Waislamu wana chambo chao maalum: hii si kama kripto zingine, hii ni halali, kwa sababu nyuma yake kuna mali halisi. Vijana wetu wanasambaza hizo linki bila kuuliza swali moja tu. Hiyo mali ni ya nani?

Tuelewane kwanza hiyo kitu inafanya kazi vipi, maana kuna watu wanatutisha na maneno makubwa. Blokicheni ni daftari. Nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi duniani, kwa hivyo kilichoandikwa humo mtu mmoja hawezi kukifuta kirahisi. Tokeni ni mstari kwenye hilo daftari unaosema fulani ana haki ya sehemu fulani ya kitu fulani. Basi. Daftari haliwezi kupanda gari likaja Kipsing kuangalia kama aliyeandikisha mali ni mwenyewe. Ukiandika uongo humo, uongo utahifadhiwa vizuri sana.

Sasa tuje nyumbani. Sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ni ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema ardhi ya namna hiyo inashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Inashikwa tu, haimilikiwi na kaunti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inasema mkataba wa uwekezaji lazima uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo. Si mwenyekiti na marafiki zake watatu wakila nyama hotelini.

Na huku Kipsing kuna macho mengi. Mji wa kitalii wa Isiolo, ule wa mradi wa LAPSSET, umepangiwa pale Kipsing Gap. Anayejua kusoma ramani anajua hiyo ardhi itakuwa na bei. Lakini mfugaji anahama na mvua, na ukame ukija jirani anaingia malisho ya jirani, mara kwa makubaliano, mara kwa ugomvi. Hebu niambie, kipande chako cha tokeni kitakuwa upande gani wa laga?

Msiseme haya ni ya kufikirika, kwa sababu udongo wetu ulishauzwa kwa karatasi. Northern Rangelands Trust ina mradi wa kaboni unaofika Isiolo, Samburu na Marsabit. Wazo lake ni kwamba mifugo ikilishwa kwa zamu, nyasi zitakua na mizizi itaficha kaboni udongoni. Kila tani inakuwa cheti, na cheti kinauzwa. Netflix na Meta ni kati ya walionunua. Mwaka 2021 wakazi 165 walienda kortini. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba konsavansi za Biliqo Bulesa na Cherab, kule Merti, ziliundwa bila wananchi kushirikishwa inavyotakiwa. Biliqo Bulesa ilikuwa ndani ya mradi huo wa kaboni. Vyeti vilikuwa vimeshauzwa.

Sasa ongeza tokeni juu ya hapo. Oktoba 2021 Toucan walianza kugeuza vyeti vya kaboni kuwa tokeni, na sarafu ya KLIMA, iliyojengwa juu ya tokeni hizo, ikapanda hadi kupita dola 3,000. Kufikia katikati ya 2022 haikufika hata dola 10. Mei mwaka huo Verra, shirika linalosajili vyeti hivyo, likapiga marufuku tokeni za vyeti vilivyokwisha kutumika. Fikiria bibi yako anachunga mbuzi, na mtu asiyemjua anacheza kamari na nyasi wanazokula.

Hata penye hati safi mambo si mazuri hivyo. Kule Detroit, Marekani, kampuni ya RealT iliuza mamia ya nyumba kwa tokeni kwa watu walio kote duniani. Julai 2025 jiji liliishtaki, likisema zaidi ya nyumba 400 zimeachwa kwenye hali mbovu. Mpangaji paa likivuja ampigie nani? Wenye nyumba ni maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona.

Kwa hiyo tuliache hilo neno "halali" likae mahali pake. Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Mali kuwa halisi hakutoshi, lazima muuzaji awe na haki ya kuiuza. Na nionavyo mimi, tokeni ya ardhi ambayo wenyewe hawajaulizwa ni gharari tupu, hata kama imetengenezwa na mhandisi mwenye ndevu.

Kuna watakaosema sheria sasa ipo. Ipo. Sheria ya 2025 ya watoa huduma za mali za kidijitali inawapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Lakini leseni ya duka si ushahidi kwamba bidhaa iliyo ndani haikuibwa. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanatoa asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka ya miradi ya kaboni ya ardhini kwa jamii. Vizuri. Jamii ipi, kama orodha yake haijaandikwa?

Hapo ndipo kazi ilipo, na ni kazi yenu nyinyi wenye simu na diploma. Jamii haisajiliwi bila orodha ya watu wake, na thuluthi mbili haihesabiki bila orodha hiyo. Kaunti iulizwe kila wiki usajili umefika wapi. Mkae na wazee, majina yaandikwe, ya kina mama yakiwemo na ya vijana waliofika miaka 18. Na yule anayekuja na tokeni yake mwambieni alete nakala ya kumbukumbu za mkutano.