Watoto Wapasue kwa Mikono Yao

Wapo wazazi wanaonung'unika kwamba watoto wao wa sekondari wanapasulishwa panya. Wasema ni uchafu, na picha imo kitabuni. Na wapo walimu ambao, kwa kukosa vyombo au kwa uvivu, humchora panya ubaoni, darasa likanakili, somo likaisha.

Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Panya hana kifuko cha nyongo. Mtu anacho, mbuzi anacho, kuku anacho, na kila aliyewahi kukitoboa kwa bahati mbaya jikoni ajua uchungu wake. Mtoto wa kunakili atamchorea panya kifuko hicho bila wasiwasi, mradi mwalimu kakosea kukichora. Lakini aliyeliinua ini kwa kibano, akatafuta, akakikosa, huyo si rahisi kumdanganya tena.

Wazungu nao yaliwapata. Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, alipasua kima na nguruwe, kisha akaandika habari za mwili wa mtu. Akasema taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wasomi wa Ulaya walisoma wakaitikia, hata mwaka 1543 Vesalius, aliyekuwa akipasua maiti kwa mkono wake mwenyewe, akachapisha kitabu kuonyesha kuwa ni mfupa mmoja. Miaka elfu! Na kila mmoja wao alikuwa na taya lake usoni.

Twajua watajibu kwamba vyombo hakuna. Hapa Tanzania, mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi wakachangia. Basi aliyechangia ana haki ya kwenda kuuliza chumba kile chafanya kazi gani. Akikuta kufuli mlangoni, aulize ufunguo anao nani.

Na pasipo maabara, yatosha ubao, pini, wembe, na sato wa sokoni au moyo wa mbuzi kutoka buchani. Panya wa ghalani tusiwaguse. Watu wa Lushoto, walioingiliwa na tauni mwaka 1980, wajua viroboto vya panya huleta nini. Panya wa somo awe wa kufugwa, auawe kwanza bila mateso, na mwanafunzi atakayemfanyia mzaha atolewe nje.

Moyo wa mbuzi ukishapasuliwa, mwalimu amwagie maji ndani yake, watoto waone vilango vinavyojifunga.