Leja ya stoo haijui kilichomwagwa

Kila siku katika shule zetu za bweni mtunza stoo hupima unga, maharage na mafuta, akaandika kwenye leja, mpishi akatia saini. Chakula kikishatoka stoo, kwenye makaratasi kimeshaliwa. Jioni ndoo za makombo hupakiwa kwenye guta la mfugaji wa nguruwe, na hizo haziandikwi popote. Hatutanii tukisema mfugaji huyo anaujua mlo wa wanafunzi kuliko bodi ya shule.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilikadiria kuwa dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, asilimia 28 kutoka migahawa, mabwalo na wahudumu wengine wa chakula. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka huohuo ulikuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wasichana wa sekondari wamo humo.

Kupima uzito wa makombo peke yake kutatudanganya. Zaidi ya nusu ya uzito wa ugali ni maji, kwa hiyo ndoo ya ugali inatisha macho kuliko bakuli la maharage lililomwagwa kando yake. Sasa tazama madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu: kilo moja ya maharage yaliyoiva, bila mchuzi, ina takriban miligramu 20. Msichana wa miaka 16 anahitaji kama 15 kwa siku.

Ndiyo maana tunataka ndoo tatu: ya ugali na wali, ya maharage, ya mboga. Mizani ipo stoo tayari. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yamechapishwa tangu 2008, na kugeuza kilo kuwa miligramu ni kazi ya nusu saa kwa afisa lishe wa halmashauri.

Asitokee mwalimu wa zamu wa kusimama mlangoni na fimbo akilazimisha sahani zimalizwe. Mara nyingi kosa liko jikoni au kwa mzabuni: maharage ya zamani yasiyoiva hata yakichemka mchana kutwa, yenye matundu ya wadudu. Mchicha nao huchemshwa mapema mno, maji yake yakamwagwa, ukakaa kwenye sufuria hadi kengele ilie. Vitamini C nyingi imeshapotea kabla upawa haujagusa sahani, na hasara hiyo hakuna ndoo itakayoionyesha. Saa ya kuipua mboga nayo iandikwe.

TAMISEMI iagize vipimo hivi viambatanishwe na leja kabla ya zabuni za mwaka ujao wa fedha. Mzabuni ambaye maharage yake yanarudi jikoni wiki baada ya wiki asipewe mkataba tena.